Nyumba Iliyozibwa kwa Pamba

Persida alikuwa na sauti moja tu, lakini ilikuwa nzito kama gogo la mwaloni, na kijiji kizima cha Gornji Brestac kilikuwa kimeikalia. Kule mlimani, juu ya mji wa Pirot, wanawake huimba wawili wawili. Mmoja hutangulia: anapanda na maneno, anashuka nayo, anarukaruka kama mbuzi majabalini. Wa pili hushika chini. Sauti yake haipandi, haishuki, haikatiki mpaka ubeti uishe. Aliyetangulia alikuwa Vidosava, dada wa marehemu mume wa Persida. Aliyeshika chini ni Persida. Mawifi hao walikuwa hivyo miaka arobaini na mmoja, na katika miaka hiyo hawakupata kukubaliana jambo jingine lolote.

Kila Siku ya Kupaa watu hutoka kanisani na bendera zao, wanayazunguka mashamba, na kwenye kila jiwe la msalaba wanasimama mawifi waimbe, ili mvua ya mawe ipite mbali. Sauti ya chini ikikatika, mawe yanashuka. Usicheke. Mwaka mmoja Persida alikuwa na mafua, wakaimba wengine, na jioni ile yalianguka mawe kama mayai ya bata. Moja likagonga kengele ya kanisa, na padri akatoka mbio akidhani amechelewa ibada. Mwaka mwingine nyuki alimwingia Persida kinywani katikati ya ubeti. Alimmeza, akaendelea kushika. Wazee wanasema sauti haijawahi kuvuma vile.

Mwanamke wa namna hiyo ukimpa kikohozi, umempa nini? Umempa kaburi lenye miguu.

Mambo yalianza mwezi wa pili, kwa jirani yake Radunka, kwenye kahawa. Radunka alikuwa na kipimo cha presha alicholetewa na binti yake aliyeko Vienna, na kwake hukuruhusiwa kuondoka bila kupimwa. Wanawake walikunywa kahawa nyeusi nzito, wakaongeza kikombe cha pili, kisha wakavaa ule mkanda wa mkononi kwa zamu, wakilinganisha namba kama wanavyolinganisha wajukuu.

"Mia na tisini na tano," Radunka akasoma. "Na ya chini mia na kumi."

"Mashine yako imelewa," alisema Persida.

"Mashine hainywi. Wewe ndiye unayekunywa maji ya kabichi iliyochachushwa kwa chumvi kila asubuhi, bakuli zima."

"Mwongezee kahawa tumpime tena," alisema Vidosava. "Akifika mia mbili angalau tutakuwa na la kuzungumza mpaka Pasaka."

Persida alisimama ili amjibu wifi yake vizuri, na hapo ndipo sakafu ilipokuja juu ikambusu shavu.

Daktari wa zahanati, ambaye alikuja kila Jumamosi kwenye shule ya zamani kule chini, alimpa kidonge cheupe kidogo, kimoja kila asubuhi, na akamwambia maji ya kabichi sasa basi. Baada ya wiki mbili mashine ilisema mia na arobaini. Radunka aliikung'uta, akapima tena, akakata tamaa.

Kisha, katikati ya Kwaresima, kikohozi kikaja.

Hakikuwa na kohozi. Kilikuwa mtekenyo tu, kama unyoya wa kifaranga uliokwama kooni, haupandi haushuki. Ukiufuata kwa maji unakungoja. Ukilala unalala nao, nao unaamka kwanza. Persida akijaribu kushika sauti, anahesabu moja, mbili, tatu, nne, kisha unyoya unajigeuza na sauti inavunjika kama kijiti.

"Ni upepo wa kuvuka," alisema Slavica.

Slavica alikuwa mke wa Ljubiša, mwana pekee wa Persida. Mwanamke mwenye mikono mikubwa, moyo mkubwa zaidi, na hofu moja. Upepo wa kuvuka ni ule unaoingia dirisha hili ukatokea mlango ule. Wasio wa kule huuita hewa. Watu wa kule wanajua unavunja shingo, unapindisha mdomo, unafunga figo, na katika basi la mwezi wa saba, watu wakiiva kama pilipili kwenye oveni, akitokea mtu akafungua dirisha la pili, atashushwa. Mama yake Slavica alicheza ngoma kwenye arusi, akakaa na jasho lake kati ya madirisha mawili, na siku ya tisa wakamzika. Slavica alikuwa na miaka kumi na sita. Shali alikuwa nayo mkononi, alikuwa anampelekea. Alichelewa kwa urefu wa wimbo mmoja.

Basi Slavica akaiziba nyumba.

Chini ya mlango aliviringisha blanketi. Madirishani alipitisha pamba kwa kisu, ufa kwa ufa. Ljubiša alipigilia dirisha la chumba cha mama yake misumari minne, akiangalia pembeni muda wote kama mtu anayepigilia jeneza la asiyekufa. Tundu la ufunguo nalo likapata pamba yake. Ufunguo wenyewe ukahamia mfuko wa aproni ya Slavica. Jiko la kuni likawaka mwezi wa tatu, likawaka mwezi wa nne. Persida akapakwa mafuta ya bata bukini kuanzia kidevu hadi kitovu, akavishwa soksi zilizolowekwa rakija, ile pombe kali ya plamu. Hiyo ya soksi aliiona dhambi. Slavica akitoka, alizivua akazikamulia kikombeni.

Na kikohozi hakikusogea.

"Nipeleke kwa daktari, mwanangu," alisema Persida.

"Kwa kupita wapi, mama?"

"Kwa kupita njiani."

"Njiani kuna nini?"

Persida alijua jibu, akaitazama misumari ya dirisha.

"Kuna upepo," alisema Slavica. "Nikutoe na kikohozi hiki nikupitishe kwenye upepo uliokupa kikohozi hiki, ili daktari akuulize kwa nini ulikaa kwenye upepo?"

"Basi daktari aje."

"Akija atafungua mlango."

Hapo hapakuwa na mwanya hata wa sindano. Persida alimgeukia mwanawe jioni, alipotoka kiwandani.

"Ljubiša, mwanangu, mimi nimefungwa."

"Hujafungwa, mama. Umehifadhiwa."

"Kabichi pia imehifadhiwa. Umewahi kuiuliza?"

Ljubiša alikula supu yake. Alikuwa mtu mwema, na mtu mwema kati ya wanawake wawili huwa na njaa sana.

Miplamu ikachanua nyuma ya kioo, ikapukutika nyuma ya kioo. Mstari wa jua uliingia asubuhi kwenye kitanda, ukatambaa ukutani kama konokono, ukaishia juu ya picha ya mtakatifu wa ukoo. Persida aliujua mstari ule kuliko alivyomjua mumewe. Hewa ya mle ndani ilikuwa nene, ya mafuta ya bata na vitunguu, hata nzi mmoja aliyeamka mapema alizunguka mara mbili akarudi kulala.

Siku moja Vidosava akaja. Slavica alifungua mlango upana wa wifi mmoja, akamvuta ndani, akafunga.

"Unanuka kama karamu iliyoahirishwa," alisema Vidosava, akakaa.

"Nawe unanuka upepo. Sogea nikunuse."

Vidosava alimsogelea. Kisha akajitazama mikono, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo.

"Siku ya Kupaa imebaki wiki tatu. Nimemjaribu Radunka."

Persida alitaka kucheka, akakohoa. Alikohoa mpaka machozi, na wifi yake akamngoja.

"Radunka," alisema alipopata pumzi, "ana sauti ya bawaba."

"Bawaba haikohoi."

Neno hilo liliingia mle ndani likakaa kwenye kiti cha tatu.

"Wifi," alisema Persida taratibu, "mimi naona kikohozi hiki kilikuja nyuma ya kidonge. Kwanza kidonge, kisha kikohozi."

"Mimi nameza hichohicho mwaka wa sita. Umenisikia nikikohoa?"

"Hapana."

"Basi kidonge hakina kosa. Na kama mwaka huu Radunka atashika, mwakani watamzoea. Mimi sitaki. Lakini mawe hayangojei mtu apone." Vidosava alisimama. Mlangoni alisema bila kugeuka, "Pona, mpumbavu wewe. Mimi juu peke yangu naogopa kuanguka."

Jumamosi iliyofuata, Slavica alipokwenda kuchuma majani ya kukunjia nyama, Persida aliingia stoo ya mapipa ya kabichi. Chini ya ukuta palikuwa na kilango cha kuku, walichopitishiwa kuku siku za theluji kali. Kilikuwa na upana wa jogoo mwenye maringo. Persida alikuwa na upana wa Persida. Alipiga magoti, akatanguliza mikono, akatanguliza kichwa, na alipofika penye kazi akagundua kuwa miezi miwili ya mafuta ya bata bukini haikupotea bure. Aliteleza akatokea nje kama sabuni bafuni. Jogoo alisimama pale akimtazama anavyotoka, na inasemekana tangu siku ile hakuwaheshimu tena kuku wake.

Alijifunga leso usoni akateremka mpaka zahanati.

Daktari aliitwa Tijana. Alikuwa hajafika miaka thelathini, na alikuwa amekaa na dirisha wazi mbele yake na mlango wazi nyuma yake. Persida alisimama kizingitini.

"Funga kimojawapo, mwanangu. Nina miaka sitini na minane, bado nina mipango."

Daktari alifunga mlango. Alimsikiliza kifua mbele na nyuma, akafuta vidole vyake mafuta, akasema mapafu ni safi kama ya farasi.

"Bibi, bado unameza kile cheupe? Enalapril?"

"Kila asubuhi. Mkwe wangu anasimama mbele yangu kama askari."

"Kikohozi kina muda gani?"

Persida alimwambia. Daktari aliweka kalamu chini.

"Hicho hakikuletwa na upepo. Kimeletwa na kidonge."

"Wifi yangu anameza hichohicho, na anawika."

"Kuna makoo hayatekenyeki. Wengi hawapati shida yoyote. Wachache wanapata, na wewe ni mmoja wao."

"Koo la Vidosava ni ngozi ya buti, hilo kweli," alisema Persida. "Lakini kidonge kinaingia tumboni. Koo kinalijuaje?"

Daktari alifikiri. "Mumeo alikuwa na kile kinu cha kusagia kwa nguvu za maji hapo bondeni, sivyo? Maji yakipungua mferejini alifanya nini?"

"Tihomir? Alipiga kelele. Alituma neno juu wafunge njia za pembeni, mfereji ubanwe, maji yamfikie kwa nguvu."

"Na kama maji hayakupungua, ila yeye kayaona yamepungua?"

"Alipiga kelele vilevile. Ndivyo alivyoumbwa, Mungu amrehemu."

"Basi figo zako ni Tihomir. Zimekaa mwisho wa mfereji. Zikihisi damu inakuja kivivu, zinatuma neno. Likianza safari, neno lile ni chuma kibichi, halidhuru mtu. Linakwenda na damu mpaka mapafuni, na mapafuni kuna mhunzi. Yeye analikata, analifua, linatoka mkanda. Mkanda huo ndio unaobana mishipa mwili mzima, na kuuamuru mwili usiachie chumvi wala maji. Sasa mfereji mwembamba, maji mengi. Presha inakwenda wapi?"

"Kwenye mashine ya Radunka."

"Kidonge chako kinamshika mhunzi mikono. Hafui tena. Mishipa inalegea, moyo unapumzika."

"Hapo sijaona ubaya."

"Ubaya ni kwamba mhunzi alikuwa na kazi ya pili ambayo hakuna aliyemshukuru. Alikuwa anafagia. Kuna kitu mwili unakitoa wenyewe, kikizidi kinawasha njia ya hewa. Yeye ndiye aliyekivunja na kukizoa. Umemshika mikono, hafui, na pia hafagii. Taka zinarundikana kooni."

Persida aliliwaza hilo. "Kumbe nimemfukuza mtu kazi moja, akaondoka na zote mbili."

"Hasa. Na nikuambie jingine: wazo la vidonge hivi lilitokana na sumu ya nyoka wa Brazili. Anayeumwa na nyoka huyo, presha yake huporomoka mpaka anazirai. Watu wakaichunguza ile sumu inafanya nini, wakatengeneza dawa inayofanya kama ile, kwa adabu zaidi."

"Nimekula nyoka tangu mwezi wa pili," alisema Persida, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alijisikia mtu wa maana.

Daktari alimpa kidonge kingine, cha manjano. "Hiki hakimgusi mhunzi. Atafua mikanda yake, atafagia taka zake. Chenyewe kinakwenda kwenye mishipa kinaziba yale matundu ya funguo. Mkanda ukifika, haupati pa kuingia."

"Kinaziba matundu ya funguo."

"Ndiyo."

"Huyo ni Slavica."

"Cheupe uache leo. Usimeze vyote viwili, na usije ukakaa bila kimoja. Nitamwandikia mkweo."

"Na kikohozi kitaondoka lini?"

"Wengine wiki moja. Wengine wiki nne. Wengine huzidi."

"Nina siku kumi na tisa."

Daktari hakuahidi kitu. Hilo ndilo lililomfanya Persida amwamini.

Aliporudi, Slavica alikuwa amekaa chini mbele ya kilango cha kuku, shali mkononi. Hakuwa akipiga kelele. Uso ulikuwa umelowa.

"Niliingia na kitanda kilikuwa kitupu," alisema. "Shali nimeshika. Unaelewa, mama? Shali nimeshika, na wewe haupo."

Persida alichutama mbele yake. Alimpa barua ya daktari. Slavica aliisoma mara mbili.

"Ameandika akiwa amekaa wapi?"

"Mezani pake."

"Dirisha lilikuwa wazi?"

Persida angeweza kudanganya. Alikuwa hodari wa kudanganya. "Wazi," alisema.

Slavica aliikunja barua. "Mtoto anayekaa kwenye upepo hatanifundisha mimi kikohozi. Cheupe kilishusha presha, namba niliziona kwa macho yangu. Hiki cha manjano sikijui." Jioni ile Ljubiša alipigilia ubao kwenye kilango cha kuku, akawaacha kuku wakishangaa.

Basi sasa alikuwa amefungwa barabara. Dirisha misumari, mlango ufunguo, kilango ubao, na kila asubuhi Slavica mbele yake na glasi ya maji na kile cheupe. Kikulacho ki nguoni mwako. Kwake kilikuja juu ya sahani, kwa upendo.

Persida alikiweka cheupe shavuni, akanywa maji, akafungua kinywa akaonyesha ulimi. Slavica akitoka, alikwenda stoo akakitema nje kupitia ufa wa ubao. Kisha akatoa cha manjano kutoka kwenye soksi ya rakija, akakimeza. Upande wa pili wa ubao alikuwapo jogoo, ambaye hajawahi kuona kitu kidogo cheupe akakiacha.

Siku ya sita jogoo alishuka uani akawa mpole, akamwachia mbwa njia. Siku ya tisa alikaa kivulini akitafakari. Siku ya kumi na mbili alipanda juu ya uzio alfajiri, akajaza kifua, akanyoosha shingo, akakohoa. Kikavu, bila kohozi. Siku hiyo jua la Gornji Brestac lilichelewa kutoka kwa dakika ishirini, maana hapakuwa na wa kuliita, na Ljubiša akakosa basi la kiwandani.

"Hata jogoo," alisema Slavica, akamfunga leso shingoni.

Na koo la Persida? Alilipima kila mchana, Slavica akiwa shambani. Aliingiza kichwa ndani ya pipa tupu la kabichi, sauti isitoke nje, akashika. Siku ya tatu alifika nne, kama zamani. Siku ya saba alifika kumi. Siku ya kumi alifika kumi na mbili akarudi tisa, akakaa ndani ya pipa akalia kidogo, na pipa likalia naye kwa sauti nene zaidi yake. Ubeti mmoja ni thelathini. Siku ya kumi na tano, kumi na tisa. Nje, ng'ambo ya uzio, alimsikia Vidosava akimfundisha Radunka. Sauti ya juu ilikuwa ikipanda kwa woga, kama mtu anayepanda ngazi isiyoshikwa na mtu.

Na kwa kuwa mikono haikuwa na kazi, aliipa: mpini wa kijiko, na misumari minne ya dirisha. Kufika mkesha wa sikukuu, mitatu ilikuwa imetoka na wa nne unacheza.

Siku ya Kupaa iliamka na joto baya. Upande wa mpaka, juu ya mlima, palikuwa na wingu jeusi lenye tumbo jeupe, na kila mtu alilitazama bila kulitaja. Ljubiša alibeba bendera. Jiwe la msalaba la tatu lilikuwa penye uzio wao wenyewe, hatua ishirini kutoka dirisha la Persida, na Slavica alisimama uani na mkate wa kuwapokea watu, ufunguo mfukoni.

Watu wakaja, wakasimama. Persida aliwaona kupitia kioo, sauti zikimfikia hafifu. Vidosava alivua leso, akaiweka begani, akatangulia. Radunka akashika.

Ubeti wa kwanza bawaba ilijitahidi. Ubeti wa pili Vidosava alipanda, na Radunka, maskini, akapanda naye. Hakukusudia. Alimwona mwenzake anakwenda akamfuata, kama kondoo. Sasa wote wawili walikuwa juu, chini hapakuwa na mtu, na wimbo ukasambaratika. Radunka akaziba mdomo kwa mkono. Watu wakatazama wingu. Upepo baridi kidogo ukapita ukayageuza majani ya miplamu.

Persida alilipiga dirisha bega. Msumari wa nne ukaruka. Pamba ikachomoka kwa mstari mrefu mmoja, dirisha likafunguka, na hewa ya miezi miwili ikatoka nje kama ng'ombe. Akajaza kifua. Akashika.

Vidosava hakugeuka. Alifumba macho tu, akaanza ubeti upya, akapanda.

Moja, mbili, kumi. Sauti ilikuwa chini pale, nzito, kila jiwe lingeweza kukaa juu yake. Kumi na tano. Slavica alidondosha mkate. Alikimbia, akachomeka ufunguo, akausukuma mlango ili akafunge lile dirisha, na hapo akafanya kwa mkono wake lile alilolikimbia maisha yake yote: dirisha wazi huku, mlango wazi huku. Upepo ukavuka. Ulivuka ukabeba pamba yote iliyobaki, ikaruka chumbani kama theluji. Kalenda ikatoka ukutani. Mlango ukapigwa nyuma ya Slavica ukatetemesha sahani. Na katikati ya upepo huo, nywele zimesimama, amesimama Persida, anashika.

Ishirini na mbili. Unyoya ukajigeuza. Aliusikia ukipanda kooni, mwembamba, mbaya. Ishirini na tano, machozi yakamtoka. Ishirini na saba. Aliumeza kama alivyommeza yule nyuki. Ishirini na tisa. Thelathini.

Wakaimba beti tatu. Mwisho wa ubeti wa tatu alikohoa mara moja, kikohozi kidogo, cha heshima, na hakuna aliyekihesabu.

Vidosava akaja mpaka chini ya dirisha.

"Yamebaki mawe manne ya msalaba, wifi. Unatoka, au tukuletee mlima hapo ulipo?"

Persida aligeukia ndani. Alimtazama Slavica, aliyesimama mlangoni na pamba kichwani, ufunguo umemganda mkononi.

"Mwanangu," alisema, "kile cheupe amekimeza jogoo. Siku kumi na tisa."

Slavica alimtazama. Alitazama nje, ambako jogoo alikuwa juu ya uzio na leso yake shingoni, akikohoa taratibu kama karani. Kitu kikamtikisa mabega, na Persida alidhani analia, lakini haikuwa hivyo. Alicheka mpaka akashika mlango. Kisha alichukua shali kwenye msumari, akamzungushia mama mkwe wake shingoni mara mbili, akafunga fundo la kuzuia farasi.

"Nitatembea upande wa upepo," alisema.

Na akatembea. Mawe manne, kupanda na kushuka, Slavica akiwa ubavuni mwa Persida, akihama kulia na kushoto kila upepo ulipohama, mkubwa kama kabati. Wingu lilikaa juu yao likasikiliza. Kisha likasogea likaangusha mawe yake ng'ambo ya mpaka, kwa Wabulgaria, ambao hatuna ugomvi nao.

Siku ya tatu Slavica alikuwa kitandani, pua nyekundu, homa.

"Niliwaambia," alisema ndani ya mto.

"Ulituambia," alisema Persida. Alikuwa amempikia chai ya majani ya mlimani, na alikuwa ametoka kwa Radunka, ambako mashine ilisema mia na thelathini na tano, Radunka akauliza kama wanaweza kujaribu mkono mwingine. "Nikuzibie tundu la ufunguo?"

Slavica alivuta blanketi mpaka kidevuni. "Ziba, mama."

Persida akaliziba. Kisha akavuta kiti mpaka dirishani, pale misumari ilipokuwa imeacha ufa, akakaa akiugeuzia mgongo wake mpana, na upepo ukaja, ukamkuta, ukarudi.